Gari la Mzee Ellis na Kabureta ya Lori la Maziwa

Wanangu, nikiwaambia kwamba nilistaafu katika kazi ya kukagua magari ya mbio, huwa mnacheka kwanza, halafu mnayatazama magoti yangu na miwani yangu, halafu mnacheka tena. Chekeni tu. Mimi Zuhura binti Shekue, mzaliwa wa Tanga, nimewahi kumzuia tajiri na gari lake jekundu asiingie uwanjani, na wiki iliyofuata tajiri yule yule akanivutia kiti nikae. Lakini leo sina hamu ya habari za kuzuia. Nataka msikie habari za gari moja lililopita ukaguzi, maana kazi yangu ya ukaguzi ilizaliwa na gari lile.

Kwanza mwelewe ni magari gani. Hizi si mbio za magari mapya mnazoziona kwenye televisheni. Hawa ni watu wazima, wengi wastaafu, wenye magari yaliyoshindana miaka ya hamsini na sitini. Wanayatoa kwenye mabanda, wanayaamsha, wanayaleta uwanjani yakimbie tena. Sharti kubwa ni kwamba gari liwe kama lilivyokuwa enzi zake. Injini ya enzi zile, kabureta za enzi zile, tairi nyembamba zenye meno, breki za namna ile ile. Unaruhusiwa kuweka vipya vile tu vya kuokoa roho ya dereva: mikanda, tangi la petroli lisilopasuka hovyo, na upinde wa chuma nyuma ya kichwa ili gari likipinduka shingo isivunjike. Vingine vyote mkaguzi anavitazama kimoja kimoja. Akikuta umeficha kitu cha kisasa ndani ya mwili wa kizamani, unalirudisha gari lako nyumbani juu ya trela, na njia nzima mkeo hakusemeshi.

Mimi hayo yote sikuyajua. Miaka ya tisini ikielekea kwisha nilikuwa fundi injini kwenye gereji ndogo Falls Church, Marekani, karibu na jiji la Washington, nyuma ya maduka ya barabara ya Route 50. Tulikuwa wawili, mimi na Papa Faustin, Mkongomani wa Bukavu, yeye akichomelea na kunyoosha bodi. Wateja wetu walikuwa madereva teksi, wanafunzi wa chuo cha Fairfax wenye magari yanayovuja kila kona, na watu wa balozi waliokuja na suti wakatuomba tuwahi. Gari la mbio lilikuwa halijakanyaga pale.

Asubuhi moja ikaingia trela, na juu yake gari dogo la Kiingereza, la viti viwili, halina paa, limefunikwa turubai. Aliyelileta alikuwa mzee mrefu, Mmarekani mweusi, na kofia ya sufu. Akavua kofia, akainama kidogo.

"Shikamoo, Bibi Fundi," akasema.

Nikababaika. "Mzee, shikamoo huamkiwa mkubwa. Mkubwa hapa ni wewe."

"Nimefahamishwa hivyo mara nyingi," akajibu polepole, kila silabi mahali pake. "Hata hivyo, ninakuheshimu. Je, nifanyeje?"

Nikamwitikia marahaba, na tangu siku ile tukawa tunaamkiana kinyume.

Huyo ndiye Mzee Ellis Tolliver. Alifundisha fizikia katika shule ya sekondari ya jijini Washington mpaka akastaafu, na Kiswahili alikisoma darasa la jioni miaka ya sabini, akakishika kama kilivyopigwa chapa vitabuni. Mwanzoni mwa miaka ya sitini, kabla hajaota mvi, alikuwa akishindana na gari lile kwenye uwanja mmoja wa Maryland ambao sasa umefungwa. Madereva weusi waliokuwa wakishindana pale wakati huo ungeweza kuwapakia wote kwenye gari lake la viti viwili na wasibanane. Baadaye watoto walikuja, mambo yakawa mengi, gari likaingizwa kwenye banda la shemeji yake, likakaa humo miaka na miaka.

"Kwa nini sasa, Mzee?" nikamuuliza.

Akanyoosha kidole kwenye jicho lake la kushoto. "Daktari anayetoa ruhusa kwa madereva ameniambia ukweli. Msimu huu anaweza kutia sahihi. Msimu ujao, macho haya hayatamruhusu. Ninao mwaka mmoja, Bibi Fundi."

Tulipofungua boneti, Papa Faustin alipiga mluzi.

Gari la aina ile lilitoka kiwandani na kabureta mbili ndogo za Kiingereza, zimekaa sambamba. Hili lilikuwa na kabureta moja tu, kubwa, nyeusi, imekalia manifodi iliyochomelewa kwa mkono. Manifodi ni yale mabomba yanayopeleka hewa na petroli kutoka kwenye kabureta mpaka ndani ya injini. Mabomba ya kiwandani huwa laini kama shingo ya bata. Haya yalikuwa na makovu.

Mzee Ellis akatueleza. Kabureta moja ya asili ilipasuka, akaenda kwenye duka la spea za magari yale. Muuzaji alikuwa na udhuru kila siku: zimekwisha, zinakuja, pita wiki ijayo. Wazungu waliosimama nyuma yake kwenye foleni walitoka nazo mkononi. Mara ya mwisho aliporudi mikono mitupu, alipita kwa binamu yake aliyekuwa akibomoa magari mabovu, akakuta lori la maziwa limelala ubavu. Wakaing'oa kabureta yake. Yeye alikuwa mwalimu wa fizikia, basi akapiga hesabu za urefu na upana wa mabomba, binamu akachomelea, gari likawaka.

"Likakimbia?" nikauliza.

"Lilikimbia vizuri sana," akasema. Kisha akatabasamu, mara ya kwanza tangu aingie. "Hasa likitoka kwenye kona."

Hapa nisimame kidogo niwaambie jambo la ufundi, nyinyi mnaoshika spana. Kazi hii nilifundishwa kwenye gereji ya shamba la mkonge kule Tanga, na marehemu Fundi Mhando. Siku moja nilikuta kwenye gari la meneja kipande cha trekta kimefungwa mahali pasipo pake. Nikakitoa, nikakitupa, nikajiona nimesafisha. Jioni gari halikuweza kupanda mlima na shehena ya mkonge mgongoni. Fundi Mhando hakunigombeza. Alinituma jalalani nikakitafute mwenyewe, halafu akanieleza polepole kipande kile kilikuwa kinafanya nini. Tangu hapo, nikikuta kitu cha ajabu kwenye injini sikitoi mpaka nijue aliyekiweka alikuwa na shida gani. Ndiyo maana ile kabureta ya lori la maziwa niliifungua, nikaisafisha, nikaipa mipira mipya ya ndani, nikairudisha palepale. Papa Faustin naye alipitisha kidole kwenye maungio ya mabomba, pale palipochomelewa.

"Mama Zuhura, hii soudure haiko ya juzi," akasema. "Iko ya zamani sana. Angalia, kutu iliingia mpaka ndani yake."

Nikamwekea na tairi mpya, pana, nzuri, za kushika lami vizuri. Niliona nimemtendea wema.

Mkifuata barabara ya Route 7 kutoka Falls Church kwenda magharibi, mkapita Leesburg na mashamba ya farasi, mtafika West Virginia, na huko ndiko uliko uwanja wa mbio. Tulikwenda siku ya kwanza ya msimu: Mzee Ellis, mkewe Bi Lorraine, mimi na Papa Faustin, gari nyuma kwenye trela. Mkaguzi mkuu alikuwa Bwana Norris, mzungu mwembamba aliyewahi kuwa mhandisi wa meli za kivita, tochi inaning'inia shingoni kwa kamba. Alilizunguka gari, akainama, akatazama tairi zangu kwa muda mrefu.

"Nani amelivalisha viatu vya mtu mwingine?" akauliza.

Nikanyoosha mkono. Akanieleza kwa upole kwamba tairi pana namna ile hazikuwapo enzi zile, kwamba zinashika barabara kupita nguvu ya breki na vyuma vya gari lenyewe, na kwamba nizitoe. Aibu ilinishika, lakini nilimwelewa. Kisha akafungua boneti, tochi ikasimama.

"Na hiki?"

Mzee Ellis akasema ilikuwa kabureta aliyoshindana nayo wakati ule. Bwana Norris akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akatikisa kichwa.

"Mwaka jana mtu aliniambia kichwa cha injini yake kilitengenezwa na babu yake," akasema. "Kilikuwa bado kina stika ya duka. Kila anayesimama hapa ana hadithi ya babu, Bwana Tolliver. Nikizipitisha hadithi, basi hapa tutakuwa tunashindanisha hadithi. Kwa gari la aina hii sheria inaruhusu kabureta mbili za asili tu."

Nami niliyekwisha kukasirika nikaona ana haki. Ukimfungulia mlango mkweli bila kipimo, mwongo anapita nyuma yake na kabureta aliyoinunua jana. Na Bwana Norris hakuwa mtu mbaya. Alisema ana jozi ya kabureta za asili kwenye gari lake, atatuazima sasa hivi, tuzifunge, mzee aingie mchana.

Papa Faustin akanitazama. Kazi ile ilikuwa ndogo kwangu. Nilikuwa nimekwisha kushika spana.

"Ninashukuru kwa dhati," Mzee Ellis akamwambia Bwana Norris. "Lakini gari lililoshindana lilikuwa na hii. Nikifunga zako, nitakuwa naendesha gari la mtu aliyehudumiwa dukani. Mimi sikuwa mtu huyo."

Bwana Norris akaizima tochi. Akatazama chini, kisha akasema kwamba sheria ina mlango mwingine, mwembamba. Kitu kisichokuwa cha kiwandani kinaweza kuruhusiwa kama kuna ushahidi kwamba gari lilishindana nacho enzi zile. Picha inayokionyesha. Au mtu aliyekiona kwa macho yake wakati ule, ambaye si ndugu wala rafiki.

Picha tulikuwa nayo moja. Bi Lorraine aliitoa mkobani palepale. Ilionyesha gari lile lile, boneti imefungwa, na juu ya boneti amekaa Bi Lorraine mwenyewe na skafu kichwani, kijana, mzuri ajabu. Bwana Norris aliisifu sana. Alichokitaka kilikuwa chini ya mama yule.

Tukarudi Falls Church bila kukimbia. Miezi ikaanza kupita. Binamu mchomeleaji alikuwa amefariki, na hata angekuwapo alikuwa ndugu. Marafiki wa Mzee Ellis walikumbuka rangi ya gari, mlio wake, jinsi alivyovaa. Injini hakuna aliyeitazama. Kila mkutano wa mbio ukipita, Mzee Ellis anakuja gereji, anakunywa chai, anatuuliza habari za watoto, anaondoka. Hakulalamika, na hilo ndilo lililonichoma.

Siku moja, nimeinamia teksi ya mtu, likanijia wazo, nikampigia nyumbani kwake.

"Mzee, nisamehe kwa swali hili. Nani alikuwa hakupendi?"

"Swali lako linashangaza, Bibi Fundi."

"Anayekupenda anatazama rangi ya gari lako. Aliyekuwa anataka ushindwe ndiye aliyetaka kujua kuna nini chini ya boneti."

Nikasikia Bi Lorraine akisema kitu kwa nyuma, jina la mtu, bila hata kufikiri. Warren Pruitt.

Huyu Pruitt, mzungu, alikuwa na gari la aina ile ile, na katika mbio moja kule Maryland aliongoza tangu mwanzo. Kwenye kona ya mwisho Mzee Ellis akampita. Pruitt akaenda kwa waamuzi akalalamika kwamba Tolliver ana kitu cha haramu kwenye injini. Waamuzi wakafungua boneti mbele yake, wakatazama, wakasema hakuna sheria iliyovunjwa, ushindi ukabaki. Kwa hiyo palikuwa na mtu mmoja duniani aliyedai kufunguliwa boneti ile, akasimama akaitazama kwa jicho kali.

"Yuko hai?" nikauliza.

"Yuko Fairfax," Bi Lorraine akasema kwenye simu. "Mume wangu hajawahi kuniomba namba yake."

Tulikwenda Jumapili, Mzee Ellis na mimi. Nyumba ya matofali, mtaa mtulivu karibu na chuo. Mlango ulifunguliwa na mzee mnene, mkongojo mkononi, nyusi nyeupe. Akamtazama Mzee Ellis muda mrefu.

"Tolliver," akasema. "Lori la maziwa."

Anakumbuka.

Akatukaribisha ndani. Hakutupa kinywaji. Mzee Ellis akamweleza kila kitu, daktari, ukaguzi, Bwana Norris. Walizungumza Kiingereza, nami nawasimulia kwa lugha yetu.

"Niliongoza mzunguko baada ya mzunguko," Bwana Pruitt akasema. "Kona ya mwisho ukanipita."

"Nakumbuka."

"Nikalalamika. Wakanicheka."

"Nakumbuka hilo pia."

"Na sasa unataka mimi niende nikaseme kwamba ulinishinda kihalali."

"Ndiyo," Mzee Ellis akasema. "Hicho hasa ndicho ninachokuomba."

Bwana Pruitt akaugeuza mkongojo wake kwenye zulia. Sikujua nitazame wapi, nikatazama dirisha.

"Nililalamika kwa sababu mbili," akasema mwishowe. "Moja ilikuwa kabureta."

"Ya pili naijua," Mzee Ellis akasema.

"Najua unaijua."

Hawakuitaja. Ilikaa nasi chumbani kama mtu wa nne. Kisha Bwana Pruitt akasema, sauti imeshuka, kwamba kabureta ile haikuwa na lolote la haramu, na kwamba alilijua hilo siku ile ile, wakati boneti bado iko wazi. Hakusema atakuja. Tukaaga. Tulipofika kwenye ngazi ya nje akatuita.

"Ukaguzi unaanza saa ngapi?"

Mkutano wa mwisho wa msimu ulikuwa majira ya majani kupukutika. Nilikuwa nimelivalisha gari tairi nyembamba, kila kitu kinang'aa kwa kiasi kinachostahili. Foleni ya ukaguzi ikaenda, ikapungua, ikafika kwetu, Bwana Pruitt hajaonekana. Tukawapisha wengine wapite mbele. Bwana Norris akaanza kukunja turubai lake. Bi Lorraine alikuwa amesimama na mkoba kifuani kama mtu anayesubiri jina lake hospitalini. Ndipo gari la familia likaingia langoni, binti wa Pruitt anaendesha, baba yake kando, amevaa tai.

Bwana Norris hakutaka mchezo. Alimpeleka Mzee Ellis mbali, kwenye kibanda cha kahawa, na Papa Faustin naye. Mimi na Bi Lorraine tukaambiwa tusimame nyuma na tusiseme neno. Boneti imefungwa. Akamweka Bwana Pruitt mbele ya gari.

"Siku ulipolalamika, uliona nini humu ndani? Niambie yote."

Bwana Pruitt akashika mkongojo kwa mikono miwili.

"Kabureta moja, kubwa, nyeusi. Ya lori la maziwa, alisema mwenyewe wakati ule, bila haya. Imekalia mabomba ya kuchomelea. Bomba la nyuma lina kovu, kama lilipinda likanyooshwa." Akaielekeza ncha ya mkongojo kwenye boneti. "Na kijiko."

"Kijiko?"

"Kebo ya akselereta ilishikwa na mpini wa kijiko cha mezani, umekunjwa, una maua. Niliwaambia waamuzi, mtu huyu amelifunga gari lake kwa kijiko, nanyi mnamwacha. Hapo ndipo walipocheka zaidi."

Bwana Norris akafungua boneti. Aliinama na tochi yake, akakaa vile kwa muda, kisogo kinatutazama. Mimi nilikuwa nakijua kijiko kile. Wakati wa kusafisha nilikiona, nikakipiga brashi mpaka maua yake yakaonekana, na nikatamani kuweka kishikizo cha maana. Nikamkumbuka Fundi Mhando na jalala lake, nikakiacha.

Bwana Norris akaniita nisogee, na Bi Lorraine akasogea pamoja nami. Ilikuwa mara yake ya kwanza maishani kutazama ndani ya boneti ile. Aliinama, akavaa miwani, akageuka kuelekea kibanda cha kahawa.

"Ellis," akaita, bila kupaza sauti sana. "Njoo hapa."

Mzee Ellis akaja, kikombe mkononi.

"Hiki ni kijiko cha seti yangu ya harusi. Uliniambia kilipotea kwenye pikiniki."

Mzee Ellis alitazama kijiko, akamtazama mkewe, akamtazama Bwana Norris kana kwamba sheria za mbio zingeweza kumsaidia. "Kilihitajika," akasema.

Bwana Norris, ambaye sikuwahi kumwona hata akitabasamu, alicheka mpaka akashika tairi la mbele. Halafu akajipangusa macho, akasimama wima kama baharia, akatoa stika ya ukaguzi mfukoni, akaibandika mwenyewe kwenye upinde wa chuma. "Gari hili ni halali," akasema, "kama lilivyo."

Nami niwasimulie mbio zenyewe, maana najua mnangoja. Aliyeanza mbele yake kwenye kundi lao alikuwa mwanasheria mmoja kijana mwenye gari la aina ile ile, jipya kwa kung'aa, na zile kabureta mbili za asili. Kwenye njia iliyonyooka kijana alikuwa anamwacha Mzee Ellis, hilo lilionekana wazi. Injini ya mzee ilikosa pumzi mwendo ukiwa mkubwa. Lakini kabureta ya lori la maziwa ilitengenezwa ivute mzigo kutoka kituo hadi kituo, na kila walipoingia kwenye ile kona kali kabla ya mstari wa kumalizia, ikawa inavuta. Kijana anabonyeza, injini yake inasitasita kidogo. Mzee anabonyeza, gari linaruka. Kila mzunguko anamsogelea mle konani, kila mzunguko kijana anapona kwenye njia iliyonyooka.

Mzunguko wa mwisho waliingia konani pua kwa mkia. Kijana alifunga upande wa ndani, akidhani mzee atapita huko. Mzee Ellis hakupita huko. Alichelewa kuingia, akapinda taratibu kwa nje kama mwalimu anayechora duara ubaoni, na kijana alipokuwa bado anarudisha usukani wake, gari lile dogo lilikuwa limekwisha kunyooka na limekwisha kushika kasi. Walitoka ubavu kwa ubavu. Nilisikia sauti ile nzito ya kabureta niliyoisafisha kwa mikono hii ikimeza hewa, na gari la mzee likampita kijana. Bendera ikashuka kwake kwanza.

Papa Faustin alinibeba juu, mimi mama wa watu na mtandio wangu. Bi Lorraine hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye nyasi, akafunika uso kwa viganja, akawa anacheka na kulia kwa zamu. Bwana Pruitt alikuwa amesimama kwenye uzio, uso mkavu. Akamgeukia Bwana Norris.

"Malalamiko yanaandikishwa wapi siku hizi?"

"Meza ile pale," Bwana Norris akasema. "Lakini nimeifunga."

Mzee Ellis alipoingiza gari na kuvua kofia ngumu, Bwana Pruitt ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika. Hawakukumbatiana, msije mkafikiri. Walipeana mikono, na hawakuachiana haraka, na nikamsikia Bwana Pruitt akiuliza, "Ile kona, unaiingiaje?" Wakaondoka wakieleza kwa mikono, mzee mmoja na kofia, mwingine na mkongojo, mpaka kwenye kibanda cha kahawa.

Daktari alisema kweli kuhusu macho. Mzee Ellis hakuendesha mbio nyingine. Gari alimwachia mjukuu wake wa kike, ambaye baba yake alikuwa amemwambia kwamba mbio si kazi ya mtoto wa kike, nami nikamwambia baba yake aje aniambie na mimi.

Majira ya baridi yale Bwana Norris alikuja gereji yetu Falls Church. Alikunywa chai ya tangawizi, akaisifu. Kisha akasema kamati yake imekubali kuongeza sentensi moja kwenye sheria, kwamba kitu kilichotengenezwa kwa mkono na mshindani wa enzi zile kina haki sawa na kitu cha kiwandani, kikithibitishwa. Na kwa kuwa sasa kitahitajika kuthibitishwa, anataka mtu ambaye akikuta kitu cha ajabu kwenye injini hana haraka ya kukitoa. Akaniuliza kama Jumamosi zangu ziko wazi.

Habari ile ilikuwa imeenea kuliko nilivyodhani. Siku ya kwanza ya msimu mpya nilipofika na koti langu na tochi mpya shingoni, foleni ilikuwa imezunguka kibanda cha kahawa. Watu walikuwa wameyaleta magari waliyoyaficha miaka mingi kwa kuogopa kurudishwa. Mkulima wa Pennsylvania na radieta iliyotoka kwenye mashine ya shambani. Mjane na gari la mumewe, mkono wa gia umechongwa kwa mti. Fundi bomba wa Baltimore na mabomba, naam, ya nyumbani. Magari yenye sura mbaya namna ile hamjapata kuyaona, na wenyewe wamesimama kando yao wamevaa vizuri, kama wazazi siku ya shule.

Bwana Norris aliniashiria nianze. Nikamwendea yule mjane. Niliinama ndani, nikaushika ule mkono wa gia, mti umelainika kwa jasho la miaka, unajaa kiganjani sawasawa. Nikamuuliza swali ambalo tangu siku ile nimemuuliza kila mtu kabla ya kuuliza jingine lolote.

"Nani alikitengeneza hiki?"

Mama yule akaweka mkoba wake chini, akasogea karibu na gari, akaanza kunieleza.